Picha Nne za Zohali

Ezekieli wa Studio amekufa. Nilipopigiwa simu nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki. Nikasema pole, nikaweka simu chini, nikaendelea kukata. Mume wangu aliuliza ni nani, nikamwambia ni habari za mtu wa zamani tu. Chakula cha jioni hiyo nilikila kwa hamu kuliko chakula cha siku nyingi.

Naandika hivyo bila haya. Ninyi mliokulia mitaa ya Jogoo Road miaka yetu mnajua kuna kinyongo cha utotoni ambacho mtu anakua nacho, anaolewa nacho, na akihama anakifunga pamoja na masufuria. Changu kilikuwa cha huyu mzee. Nilishampangia vifo vingi kichwani, na kifo cha usingizini akiwa na miaka themanini na kitu, wajukuu wakiwa chumba cha pili, hakikuwa kimojawapo. Nilihisi nimepunjwa.

Siku ya tatu binti yake, Roda, akanipigia mwenyewe. Hatukuwa marafiki. Alikuwa amenizidi miaka kadhaa, na enzi zile nilikuwa nikimwona anavuka barabara nageuza shingo.

"Nafula, njoo matanga," akasema. "Kuna kitu Mzee alisema lazima nikuonyeshe."

Nikaenda. Nilijiambia naenda kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Koridoni kwao walikuwa wamepanga maboksi ya vitu vya studio, na nilipoingia tu nikapokewa na harufu kali ya siki, ile ya dawa za kusafishia picha. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Nikashika ukuta, na mwanamke mmoja akanipa kiti akidhani ni uchungu wa msiba.

Baba yangu alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani katika duka moja mjini. Tulikaa mtaa wa Mbotela, nyumba ya chumba kimoja na kijiua nyuma, na Baba alikuwa na wazimu mmoja tu: alitaka kupiga picha sayari. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kelele. Jumamosi jioni na Jumapili baada ya kanisa alisimama uani mbele ya pipa alilolijaza mchanga lisitikisike, juu yake kioo kinene kimelala, na juu ya kioo hicho kingine. Kati yao aliweka unga wa kusagia na maji, akasukuma mbele na nyuma, kisha akapiga hatua moja kulizunguka pipa, akasukuma tena. Kazi yangu ilikuwa kutia maji kwa kijiko na kuhesabu mizunguko. Miezi mingi uani kwetu kulikuwa na sauti hiyo ya kioo kikikwaruza kioo, na majirani walilalamika kwamba meno yanawauma.

Kioo kilipopata shimo la kina kidogo mno hata mimi sikuliona, Baba alikipeleka kwa fundi wa vioo akakipaka fedha. Bomba lenyewe la darubini lilikunjwa sokoni Gikomba na fundi wa majiko, kwa bati, refu kunizidi. Fundi aliuliza hii ni dohani ya jiko gani. Baba akacheka tu. Tulilipaka rangi nyeusi kwa ndani, mimi nikitambaa nusu mwili humo na brashi, na seremala mmoja akatuundia sanduku la kulisimamisha.

Mara ya kwanza kuiona Zohali nilidhani Baba ananichezea. Ilikuwa mapema tu, watu wakila chakula cha jioni. Niliweka jicho nikaona kitu kidogo cha manjano kimevaa pete yake, kimetulia, safi kama kimekatwa kwa mkasi. Niliondoka nikazunguka mbele ya bomba kutafuta mahali alipobandika kijipicha hicho. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo yenyewe, Nafula. Iko huko tangu zamani. Sisi ndio tumechelewa."

Kuona hakukumtosha. Alitafuta kamera kuukuu ya kukunja katika mitumba, akaifunga kwa waya nyuma ya tundu la kutazamia la bomba, na hapo nikapandishwa cheo. Kulikuwa na kipande cha boksi tulichokipaka masizi. Baba alifungua kamera nikiwa nimekishika mbele ya mdomo wa bomba, tukangoja basi la Jogoo Road lipite ili ardhi itulie, kisha akasema, "Sasa." Nilikiondoa kipande, nikasema "Amina" kwa mwendo wa kanisani, nikakirudisha. Amina moja ndiyo ilikuwa picha. Ukisema harakaharaka picha ni giza, ukivuta kama mchungaji Zohali inaburuzika kuwa mstari. Baba alijaribu haleluya akaona ni ndefu mno.

Tungeendelea hivyo kwa raha zetu kama si Mama Pius. Nyumba yake ilitazama uani kwetu, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bafu za mtaa, zile zisizo na paa. Siku moja alisimama kwenye mfereji tulikochota maji, ndoo kichwani, akauliza kwa sauti ya kusikiwa hadi Soko la Burma.

"Baba Nafula, hiyo bomba yako inaangalia wapi?"

"Juu, Mama Pius. Inaangalia juu."

"Mtu mzima na bomba ya kuangalia juu, na sisi wamama tunaoga hapo chini! Unatufanya wajinga?"

Kabla wiki haijaisha maneno yalikuwa yamejaa mtaa. Shuleni watoto walinifuata wakiimba, "Niaje Nafula, babako ameona nini leo?" Mama aliacha kwenda mferejini mchana, akawa anachota maji alfajiri. Mwenyekiti wa mtaa akaita kikao, na pale Baba, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu hata kwenye harusi, akasimama akaomba muda. Alisema atapiga picha, wataona kwa macho yao kitu anachokitazama. Kama hakuna kitu, bomba litoke. Mwenyekiti akampa wiki mbili.

Mawingu yalitukalia siku tisa kati ya hizo. Siku ya kumi yakafunguka, nikasema amina nne ambazo hadi leo naamini zilikuwa amina bora kuliko zote zilizopata kutoka kinywani mwangu. Filamu ilikuwa ya picha kumi na mbili. Nane zilikuwa za familia na hizo nne za mwisho ndizo zilikuwa jina la baba yangu.

Sasa nimfikie Ezekieli. Studio yake ilikuwa karibu na Soko la Burma, katikati ya bucha mbili, kiasi kwamba wateja walipiga picha za pasipoti huku wananukia moshi wa nyama choma. Alikuwa rafiki wa Baba. Walikaa benchi moja kanisani, walikopeshana magazeti, na Baba alimtengenezea miwani bila kumtoza. Lakini kilichompa sifa Ezekieli Eastlands nzima kilikuwa kusafisha uso wa mtu. Bibi harusi aliyeamka na chunusi puani alitoka studio kwa Ezekieli na pua ya mtoto mchanga. Alikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, juu anaweka negativu, mkononi kisu kidogo alichokiunda kwa nusu ya wembe. Kwenye negativu rangi hugeuka: kitakachotoka cheupe kwenye karatasi huonekana cheusi. Basi kijidoa cheusi akikikwangua pale, kwenye picha hakitakuwepo. Chunusi alizifunika kwa penseli, vumbi na alama nyeupe alizikwangua, na hakuna aliyewahi kuona mahali kisu kilipopita.

Baba alikuwa kazini mpaka jioni, kwa hiyo filamu nilipeleka mimi.

"Mwambie hizo nne za mwisho azisafishe vizuri na azitoe kubwa, ni za kikao," Baba alinituma. "Za nini, usimwambie. Nataka hata Ezekieli ashangae pamoja na wengine."

Njiani nilirudiarudia ujumbe ule, nikaupamba, nikaongeza ya kwangu kidogo ili uwe na uzito, maana nilikuwa nimebeba heshima ya nyumba yetu na nilitaka mtu ajue. Ezekieli alinisikiliza kaunta ikiwa imenifikia kidevuni, akatabasamu.

"Mwambie babako asiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, pale kwenye mfereji. Ezekieli alileta bahasha mwenyewe, suti ya kanisani bado mwilini, akamkabidhi Baba kwa mikono miwili. Alionekana anajivunia kazi yake. Baba akafungua, watu wakasogea.

Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tatu na ya nne nyeusi, zinang'aa, laini, hazina hata nukta. Baba alizigeuza nyuma, akazirudisha mbele. Mwenyekiti akazichukua akazipitisha, na kila mkono zilipofika kicheko kilikua.

"Kumbe hiyo nyota ni nyeusi?" Mama Pius akauliza.

"Hii ni bafu," mwanamume mmoja akasema, "taa zimezimwa."

Nimesikia vicheko vingi maishani. Kile nakijua sauti kwa sauti, nani alianza na nani alimalizia. Baba alimgeukia rafiki yake, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ezekieli, hapa katikati kulikuwa na kitu. Kidogo tu, kina masikio huku na huku. Kiko wapi?"

Ezekieli alichukua picha moja akaitazama, na niliona uso wake ukibadilika. Kisha akainua macho akanitazama mimi, nimesimama kando ya Mama nimeshika sketi yake. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Niliona ni vumbi, Baba Nafula," akasema. "Nikaliondoa."

Mimi nilisoma mtazamo ule kama mtoto anavyosoma: huyu amefanya makusudi, na ananitazama ili nijue amefanya makusudi. Nilikata shauri pale pale kwamba Mama Pius amemwona, wamepanga pamoja, na kwamba Ezekieli anamwonea Baba wivu kwa sababu yeye anapiga picha chunusi na Baba anapiga picha mbingu.

Mwenyekiti alisema bomba litoke kabla ya jioni. Likatoka. Baba alilipakia kwenye mkokoteni akalirudisha kwa fundi yule yule wa Gikomba, na majuma machache baadaye niliona dukani vikopo vipya vya kupimia mafuta ya taa, nje bati linang'aa, ndani rangi nyeusi. Niliijua rangi yangu. Kioo alikizungusha magazeti akakisukuma chini ya kitanda, na hakukitoa tena hata kukifuta. Watoto walimwita Baba Bafu. Alikuwa akipita, wanamwita, anawapungia mkono. Baba hakumsemesha Ezekieli tena mpaka anaingia kaburini, na kanisani alihamia benchi la nyuma.

Mimi sikuwapungia mkono. Nilingoja.

Nafasi ilikuja mwenyewe, sikukuu zilipokaribia, Mama aliponituma kuchukua picha zake za pasipoti. Studio ilikuwa tupu. Wiki hiyo Ezekieli alikuwa akimwambia kila mteja habari moja: amepata, ndani ya maboksi ya mtu aliyemfundisha kazi, negativu aliyodhani imepotea. "Nimempata mama yangu," alisema, akicheka kama kijana, nami nilimsikia akimwambia hivyo mwenye bucha. Negativu ilikuwa juu ya meza ya kioo, taa imewashwa chini yake. Mwanamke amekaa, mikono magotini.

"Keti hapo, Nafula. Naingia chumba cha giza kusafisha picha, dakika kumi. Usifungue mlango, utaniharibia."

Akafunga mlango. Kisu kilikuwa kando ya negativu. Sikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Nilianza na jicho moja, nikamaliza na kidevu. Ule weusi ulitoka kwa urahisi, ukawa unga, nikaupuliza. Moyoni nilisema amina kila kisu kilipopita. Nilifikiri mamake yuko shambani kwao, atampiga picha nyingine akitaka, lakini hii aliyoipenda nimeichukua kama alivyochukua yetu. Alipotoka nilikuwa nimeketi kwenye benchi, mikono mapajani. Alinipa bahasha ya Mama. Nikasema asante.

Jumapili hiyo Mama alirudi kutoka kanisani amesikitika. "Masikini Ezekieli. Kisu kimemponyoka, kimeharibu picha ya marehemu mamake. Hakuwa na nyingine, na uso wenyewe anasema alikuwa anaanza kuusahau." Baba hakuinua macho kwenye gazeti. Mimi nilienda uani, nikasimama mahali pipa lilipokuwa. Neno marehemu lilinichoma kidogo, siwezi kusema uongo, lakini juu ya uchungu huo nilikuwa na furaha, na furaha ilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa mjinga kiasi cha kudhani ni mkono wake mwenyewe! Nilikuwa nimeshinda bila yeye kujua ameshindwa, na ushindi huo nimeutunza miaka yote hii. Siku mbaya kazini, siku niliyomzika Baba na yule mzee akaja akasimama mbali karibu na ua, niliutoa nikauangalia nikapata nguvu.

Roda alinishika mkono akaniondoa koridoni, akanipeleka chumbani kwa baba yake. Juu ya meza ndogo, kando ya Biblia na miwani ambayo nilijua mara moja nani aliitengeneza, kulikuwa na fremu. Mwanamke amekaa, mikono magotini, kitambaa kichwani. Mahali pa uso palikuwa na giza lenye mikwaruzo. Aliitoa hivyo hivyo, kubwa, akakaa nayo miaka yote.

"Nyanya yangu," Roda akasema. "Mzee alisema nikuonyeshe, na nikuambie alijua. Alipotoka gizani alikuta unga mweusi kwenye sketi yako."

Nilimtazama. "Alijua? Na akasema ni kisu?"

"Mama yangu alimgombeza, akamwambia mpeleke kwa wazazi wake. Akakataa. Alisema akienda itabidi aeleze kwa nini mtoto amefanya hivyo, na akieleza, Baba Nafula atajua."

"Atajua nini? Kwamba alitufutia picha? Hilo Mbotela nzima iliona!"

Roda hakupandisha sauti. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nafula, ile siku ulileta filamu. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo nikalisikia, si sauti ya Roda wala ya mzee, ni yangu mwenyewe, nyembamba, ya kujidai, kidevu juu ya kaunta: Baba amesema hizo nne za mwisho hataki kuona doa hata moja, hata lile dogo kabisa la katikati.

La katikati. Nilitaka kumwonyesha kwamba najua kuna kitu pale. Niliambiwa nisiseme ni nini, basi nikakitaja bila kukitaja, nikajiona mjanja. Na yeye, ambaye maisha yake yote ni watu kumwonyesha kidole mahali pa kufuta, akaenda kwenye meza ya kioo akafanya nilichomwagiza, mara nne, kwa mkono ule mzuri ambao hauachi alama.

"Alisema pale kwenye kikao alikaribia kusema ni mtoto aliyemwambia," Roda akaendelea. "Akakutazama. Akaona babako ameshapoteza bomba, asimpotezee na mtoto."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, mbele ya mwanamke asiye na uso. Nilitafuta hasira yangu kama mtu anavyopapasa funguo mkobani, na ilikuwepo, yote, haijapungua hata chembe. Nilimkasirikia kwa kunitazama vile bila kusema. Nilimkasirikia kwa kumwacha Baba ahame benchi kanisani. Nilimkasirikia zaidi kwa kunifutia doa langu pia, bila kuniuliza, nikaenda nalo miaka yote nikidhani ni medali.

"Alitaka niseme nini?" nikamuuliza Roda.

"Hakusema. Alisema tu, mwonyeshe."

Nje walikuwa wameanza kuimba. Roda alitoka kupokea wageni, nikabaki na miwani ya Baba na picha niliyoiharibu. Nilikuja kuhakikisha mtu amekufa, na kweli amekufa, hakuna ninayeweza kumlipiza wala kumwomba kitu. Kinyongo nimerudi nacho nyumbani kama nilivyokwenda nacho, kizima. Kilichobadilika ni jina tu: sasa kinaitwa Nafula.